Pikipiki ya Kikundi Ikikataa Kuwaka, Tusikimbilie Betri

Vikundi vyetu vingi vina pikipiki moja kuukuu, ya kuchangiwa au iliyoachwa na mradi. Hiyo moja ndiyo hupeleka maziwa asubuhi, huleta dawa ya ng'ombe, na usiku hubeba mgonjwa. Siku ikikataa kuwaka, maziwa yanachacha na wanachama wanaanza kulaumiana. Tunajua kikundi kimoja kilichonunua betri tatu kwa mwaka mmoja, pesa zikitoka kwa mfuko wa mikopo ya akina mama. Betri zilikuwa nzima. Iliyoharibika ni regyuleta, kile kisanduku kidogo kinachopima umeme unaoingia kwenye betri. Ilikuwa inazichemsha moja baada ya nyingine.

Ndani ya injini, upande mmoja, kuna sumaku inayozunguka karibu na koili. Hapo ndipo umeme hutengenezwa. Katika pikipiki nyingi za zamani, plagi ina koili yake hapo ndani na haitegemei betri, kwa hivyo huwaka kwa kiki hata kama honi imenyamaza kabisa. Nyingine huchukua moto wa plagi kutoka kwa betri. Hiyo ikiisha, hamwendi popote. Jueni yenu ni ya aina gani kabla ya kutoa senti.

Sasa, imekataa. Angalieni petroli, halafu ile swichi ya kuzima kwenye usukani, maana watoto huichezea sana. Kisha fungeni petroli, toeni plagi, irudisheni kwenye kofia yake na mlaze chuma chake juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka. Mvuke wa petroli hutoka hapo na unaweza kushika moto. Msishike plagi kwa mkono mtupu. Fungua swichi, piga kiki. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Ya manjano na dhaifu, au hakuna kabisa, basi shida ni ya umeme.

Anzeni na vitu rahisi. Wekeni plagi nyingine mnayojua ni nzima. Ikikataa, zungusheni kofia ya plagi itoke, kateni waya kidogo, nusu sentimita hivi, muirudishe. Mara nyingi waya imeoza hapo mwisho tu. Kisha tafuteni waya ya swichi ya kuzima. Kwa pikipiki zenye koili yake, swichi hii huua moto kwa kuupeleka kwenye chuma, kwa hivyo waya ikichubuka chini ya tangi inauzima hata kama swichi iko sawa. Ichomoeni mjaribu tena. Cheche ikirudi, mmeupata ugonjwa bila kununua kitu.

Kama ni ya kontakti, fungueni kifuniko mtazame. Kontakti zenye mafuta au uchafu hazipitishi umeme; zisafisheni kwa msasa laini kisha kwa karatasi kavu. Kwa Honda CG125 ya kontakti, mwanya zikifunguka kabisa ni milimita 0.3 hadi 0.4, na wa plagi ni 0.6 hadi 0.7. Kontakti zikirusha cheche nyingi na kuungua haraka, kondensa imechoka. Hiyo si ghali.

Kuna ugonjwa unaosumbua hata mafundi: pikipiki inawaka vizuri ikiwa baridi, inaenda kilomita kadhaa, inazima, halafu ikipoa inawaka tena. Mara nyingi ni koili au kondensa inayoshindwa na joto. Lakini kabla ya kununua koili, siku ikizima fungueni kifuniko cha tangi. Mkisikia hewa ikiingia na injini ikawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Ni sindano tu inatakiwa.

Tukija kwa kuchaji, hapa mnahitaji mita ya umeme. Taa kung'aa mkiongeza mafuta haithibitishi kitu. Kwa betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, mita husoma kama 12.6. Chini ya 12 imeisha. Washeni injini, ongezeni mwendo, msome tena kwenye betri. Kati ya 13.5 na 14.8 inachaji vizuri. Isipopanda, chunguzeni kwanza fiuzi, soketi za waya, na waya inayounganisha betri na chuma cha pikipiki. Kutu hapo ni ya kawaida sana. Kwangueni mpaka chuma king'ae. Bado haipandi? Ni regyuleta au koili ya kuchaji, na fundi mwenye mita ataipima bila kubahatisha.

Ikipita 15, regyuleta haizuii umeme. Mtaiona pia kwa maji ya betri kuisha kila wiki na globu kuungua moja baada ya nyingine. Msiendelee kuongeza maji tu. Na maji yenyewe yawe yale ya betri ya dukani, si ya mto wala ya kisima, na asidi isiongezwe tena baada ya siku ile ya kwanza.

Msichomoe betri injini ikiwa inanguruma, hata fundi akiwaambia ni kwa kujaribu. Umeme unaweza kupanda ghafla ukaunguza globu na regyuleta pamoja.