Frateri Ajifunzapo Kusema

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu msomaji, msemo huu aghalabu twautumia kwa mjomba aliyekuja kututembelea akasahau kurudi kwake. Leo ningependa tuutumie kwa mgeni wa namna nyingine, kijana anayejiandaa kuwa mmisionari, ambaye jembe lake la kwanza ni lugha. Wala anayemkabidhi jembe hilo si Askofu peke yake, wala mkuu wa seminari. Ni wewe, na mkeo, na watoto wako wanaomchekea nyuma ya mlango.

Wengi wetu tumezoea kumwona padri mgeni akiwa amekwisha kukamilika. Anasimama altareni, anahubiri, anawakemea walevi, anatania na wazee. Hatukumwona siku zile alipokuwa hawezi hata kuomba maji ya kunywa. Na siku hizo, kwa maoni yangu, ndizo zinazoamua atakuwa mtu wa namna gani katika miaka yote inayofuata.

Chukua mfano wa Rulenge. Huu ni mji mdogo wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika pembe ile ambayo nchi yetu inapakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya milima na mabonde, migomba, maharage na kahawa, na asubuhi za baridi. Jimbo Katoliki la huko lilipewa jina la Rulenge mwaka 1960, na tangu mwaka 2008 linaitwa Rulenge-Ngara. Wenyeji wake wana lugha zao: Wahangaza na Washubi upande wa Ngara, Wasubi na Wazinza upande wa Biharamulo. Hivyo kijana anayetumwa huko hana budi kujifunza mara mbili, Kiswahili kwanza, na kisha lugha ya mlimani.

Desturi hii haikuanza jana. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mjini Algiers mwaka 1868, aliwaagiza vijana wake waseme lugha ya watu, wale chakula chao, na wavae kama wao. Ile kanzu nyeupe iliyowapatia jina la Mapadri Weupe ilitokana na mavazi ya wenyeji wa Afrika ya Kaskazini. Ni kweli kwamba si wote waliolitii agizo hilo kwa moyo mmoja. Na nje ya misheni walikuwako wageni wengi waliojifunza lugha zetu kama bwana anavyojifunza kuamuru: leta, ondoa, upesi. Walowezi wa Kenya walikuwa na Kiswahili chao cha namna hiyo, hata kikapewa jina, Kisetla. Anayejua amri peke yake hajajua lugha, maana hawezi kuulizwa swali akajibu.

Siku hizi kijana huyo yamkini hatoki Ulaya kabisa. Wengi wanaojiunga na shirika hilo wametoka Kongo, Burkina Faso, Ghana na nchi nyingine za bara letu, na wengine wametoka India. Husoma falsafa, hupitia mwaka wa malezi ya kiroho, kisha hutumwa kwenye nchi ya kigeni kwa mazoezi ya miaka miwili, na baada ya hapo ndipo huendelea na teolojia. Miezi ya mwanzo ya mazoezi hayo ni ya lugha. Kipalapala karibu na Tabora, na Makoko kando ya Ziwa mjini Musoma, ni majina yanayofahamika kwa vizazi vya wamisionari waliokaa huko darasani wakipambana na ngeli zetu.

Nasi tusizidharau ngeli hizo kwa kuwa tumezinyonya pamoja na maziwa. Hebu fikiri: mtu mzima aliyesoma falsafa, awezaye kujadili mawazo ya Aristotle, anaambiwa kwamba kiti ni kizuri lakini mti ni mzuri, na nyumba ni nzuri. Anauliza kwa nini. Mwalimu anajibu kwamba ndivyo ilivyo. Kesho yake anakwenda sokoni kununua ndizi, naye anasema kama mtoto wa miaka mitatu, na mama muuza ndizi anamjibu kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi.

Kisha yako maneno yanayofanana. Frateri aliyeshikwa na mafua anataka kusema kwamba amekohoa usiku kucha, naye anatangaza mezani kwamba amekojoa usiku kucha. Mwingine anasimama baada ya Misa ya kwanza ili awashukuru waumini kwa mapokezi yao, akawaambia kwa tabasamu, “Nawashuku nyote.” Na saa zetu! Amealikwa chakula saa saba, anafika jua limekwisha kutua, akiwa amevaa nadhifu na kujipongeza kwa kutochelewa, wakati mama wa nyumba amekwisha kuufunika ugali tangu mchana.

Watu hucheka, na mimi sioni ubaya. Kicheko cha wazi humfundisha mtu upesi kuliko kitabu. Kinachomdhuru frateri zaidi ni adabu yetu. Sisi tu watu wa kumstahi mgeni. Akisema vibaya twaitikia, “Unajua Kiswahili sana, padri!” naye huenda zake ameridhika, na kosa lile hulirudia kwa miaka kumi mbele ya Wakristo elfu, wala hakuna anayethubutu kumwambia. Watoto peke yao ndio wasemao kweli. Hukatiza maneno yake hapo hapo, humsahihisha, na kumlazimisha arudie. Mzazi anayemfukuza mtoto wake asimsumbue padri amemfukuza mwalimu bora kijijini.

Basi kijana amemaliza Kiswahili, amefaulu mtihani, anafika Rulenge akidhani safari imekwisha. Vijana shuleni wanamwelewa. Ofisini wanamwelewa. Lakini jioni anapita njia ya migombani, anamkuta bibi kizee ameketi uani, anamsalimu kwa Kiswahili chake kipya, na bibi anamtazama kwa upole bila kujibu neno. Lugha ya bibi huyo ni Kihangaza, ndugu ya karibu ya Kirundi na Kinyarwanda, ambazo ni lugha za kupandisha na kushusha sauti. Katika Kirundi na Kinyarwanda neno inda laweza kuwa tumbo au laweza kuwa chawa, na tofauti yake imo katika sauti tu. Hapo frateri anaanza upya, kwa sikio safari hii, maana lugha za namna hiyo hazina vitabu vingi vya kumsaidia.

Huenda ukauliza: kwa nini ajisumbue, maadam Kiswahili ndicho lugha ya Taifa? Swali hili ni la haki, na wapo waliolijibu kwa kuacha kabisa kujifunza lugha za vijijini. Lakini mfikirie tena bibi yule. Siku moja ataugua, naye atataka kuungama kabla hajafa. Sheria ya Kanisa inaruhusu mkalimani katika maungamo, na mkalimani huyo anafungwa na siri kama padri mwenyewe. Haya, mkalimani atakuwa nani? Atakuwa kijana wa jirani aliyesoma. Ni bibi gani atakayeyataja mbele ya mjukuu wa jirani yake mambo aliyomtendea mkewenza miaka arobaini iliyopita? Atayataja madogo madogo, na lile zito atakwenda nalo kaburini. Padri atakuwa amefika kitandani pake, lakini kwa bibi atakuwa hakufika.

Hapa Rulenge walipata bahati ya kuwa na mtu aliyeyaona mambo haya kwa macho mapana. Askofu Christopher Mwoleka, mzaliwa wa Karagwe, aliliongoza jimbo hilo kuanzia mwaka 1969 hadi 1996. Wakati wa vijiji vya Ujamaa hakuridhika kuvibariki kwa mbali. Alikwenda kuishi na wanakijiji na kulima pamoja nao. Alifundisha kwamba fumbo la Utatu halikutolewa ili watu waumize vichwa kulifumbua, bali ili waliige katika kuishi pamoja. Askofu anayeshika jembe huwafundisha mafrateri wake jambo ambalo darasani halimo. Darasani utasoma kwamba kalamu iko mezani. Shambani utasikia jina la udongo unaoteleza, la magugu yasiyokubali kung'oka, la uchovu wa saa sita, la mtu mvivu na namna anavyosemwa bila kutajwa.

Miaka hiyo ya 1970, Padri Joseph Healey, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, alikuwa miongoni mwa walioishi katika kijiji cha Nyabihanga jimboni humo. Mwaka 1981 alitoa kitabu juu ya maisha hayo, na baadaye akajulikana kote Afrika ya Mashariki kama mkusanyaji wa methali. Sishangai. Mgeni anayeketi na wazee jioni, akiwa bado hajui kusema sana, hana la kufanya ila kusikiliza, na methali ni fupi, hushikika.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Walikuja watumishi wa mashirika kutoka pembe zote za dunia wakiwa na magari, mahema na dawa, nao walihitaji mkalimani hata kwa kumwuliza mtoto jina la mama yake. Aliyekuwa amejifunza Kihangaza migombani, kwa aibu na kwa kuchekwa, aliweza kuketi chini na mkimbizi wakasikilizana.

Nawageukia sasa wazazi, hasa wale ambao watoto wao wamejiunga na mashirika haya. Zamani sisi tulikuwa wapokeaji tu. Leo vijana wa Kitanzania nao wanatumwa ng'ambo ya mipaka, na yamkini mwanao yuko Mali anajifunza Kibambara, au Zambia anajifunza Kibemba, akichekwa na watoto wa watu. Huko hakuna ajuaye kwamba nyumbani alikuwa msemaji hodari. Usiku hulala kichwa kikimuuma kwa maneno, na lugha ya kwao huisikia katika simu tu.

Basi ukimpigia simu Jumapili hii, usianze kumwuliza kama anakula vizuri. Atakujibu ndiyo hata kama sivyo. Mwulize wanasalimianaje huko, na umwambie akufundishe. Mwulize pia ni mama gani anayemsahihisha, na jina lake nani, ili umtumie salamu.