Mwembe ukichanua, nzi ana kazi

Miti ya cheri ikichanua, Wajapani hubeba chakula na kwenda kukaa chini yake. Kumbukumbu za siku ya kuchanua kule Kyoto zinarudi nyuma zaidi ya miaka 1,200, na mwaka 2021 ilichanua kabisa Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa kabla yake. Sisi wa Kwale tuna mwembe. Kipupwe kikiingia, kuanzia Tiwi hadi Msambweni, miembe ya dodo na ya ngowe huvaa manjano yenye wekundu, na tukiinua macho ni kukadiria embe tu.

Mwembe nao hupenda baridi, ingawa si nyingi. Usiku wa chini ya nyuzi 20 huufanya uchanue upesi. Pwani yetu usiku haushuki sana chini ya hapo, kwa hiyo ukavu na umri wa vitawi huwa na neno pia. Kitawi kilichochipua majuzi hakijawa tayari kwa maua. Ndiyo sababu mwembe mmoja huweza kuchanua upande huu, ule mwingine ukabaki majani matupu.

Shada moja hubeba mamia ya maua, pengine maelfu, mengi yakiwa ya kiume. Yanayofikia kuwa embe kwa kawaida hayatimii hata moja katika mia. Ukikuta uani kumepukutika, usiseme mti umerogwa.

Je, maua haya ndiyo yanayotuletea mafua? Ni vigumu kuyalaumu. Chavua ya mwembe ni nzito, inanata, haipeperuki mbali. Hubebwa na wadudu, nzi wakiwa mstari wa mbele, hata wale wa kijani tunaowafukuza kwenye samaki. Taiwan kuna wakulima wanaoweka samaki waliooza shambani makusudi ili kuwaita!

Cha kuogopa ni utomvu. Mwembe, mkorosho na mti wa urushi, ambao utomvu wake Wajapani hung'arishia vyombo, ni ukoo mmoja, na kemikali zao zinafanana. Ndiyo maana mtoto anayemenya embe changa kwa meno hubabuka pembe za mdomo. Mwosheni mapema kwa maji na sabuni. Uso ukivimba au pumzi ikibana, mkimbizeni hospitali. Msambweni ipo ya rufaa.

Nawe mwenye mwembe, kama ni lazima upige dawa ya wadudu, piga kabla maua hayajafunguka. Yakishafunguka, waachie nzi.