Sakafu ya Gereji: Kabla ya Mng'aro, Tutazame Unyevu



Miongoni mwa familia zetu zilizotoka pwani kwenda bara kwa kazi na biashara, zipo zilizojaaliwa kujenga katika vitongoji vya Ruiru, na Mwihoko ni kimojawapo. Kiwanja huwa kidogo, nyumba hupanda juu, na chini hubaki gereji ya gari moja au mawili. Lakini kila mama wa nyumba anajua kuwa gereji hiyo si ya gari peke yake. Gari likitolewa, hapo hutandikwa mikeka ya watoto wa chuoni, hapo hupikwa pilau ya walima, hapo huanikwa nguo wakati wa mvua, na mwezi wa Ramadhani hapo hufuturishwa majirani. Basi si ajabu kwamba wengi wanatamani sakafu ya epoksi: ile inayong'aa kama kioo, isiyotoa vumbi wala kunywa oili.

Tumeona vyema kuliandikia jambo hili kwa sababu sakafu hiyo hugharimu fedha nyingi, na ikiharibika haina kiraka chepesi. Aghalabu husagwa yote ikaanzwa upya. Neno letu kubwa ni moja: epoksi haiponyi sakafu mbovu. Huifunika tu, na kilichofunikwa siku moja hujitokeza.

Epoksi ni kitu gani?

Rangi ya kawaida hukauka kwa maji yake au thina yake kuvukia hewani. Epoksi haiko hivyo. Huja katika makopo mawili, moja la resini na la pili la kigumishi. Vikichanganywa kwa kipimo chake, vitu hivyo viwili huungana, hutoa joto, na kuwa kitu kimoja kigumu kisichorudi tena kuwa majimaji. Elimu hii si ya kale. Ilikuzwa katika miaka ya 1930 na 1940, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na njia yao. Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, juu ya boriti za mikoko yalipangwa mawe ya matumbawe, kisha ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigwa kwa fimbo siku nyingi huku watu wakiimba, mpaka ikashikana. Chokaa ile hupumua. Unyevu ukiingia hupata njia ya kutoka polepole. Epoksi ni kinyume chake. Hufunga kila tundu, na humo ndimo ulimo uzuri wake na ndimo yanamotoka maradhi yake. Kwa hiyo aliyerithi nyumba ya kale asiimwagie epoksi sakafu yake ya chokaa, kwani unyevu uliozoea kutoka utanaswa chini na kuila chokaa yenyewe.

Unyevu ndio adui wa kwanza

Mwihoko hunyeshewa mara mbili kwa mwaka: mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Disemba. Zipo sehemu za Ruiru zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Ikiwa zege la sakafu lilimwagwa juu ya ardhi bila kutandikwa nailoni nene chini yake, unyevu hupanda ndani ya zege kama mafuta yapandavyo kwenye utambi wa taa. Ukifika juu ukakuta mlango umefungwa, huisukuma epoksi. Hapo ndipo yanapoonekana malengelenge, na baada ya malengelenge rangi hubanduka vipande vipande.

Lipo jaribio ambalo kila nyumba inaweza kulifanya bila ya fundi. Kata kipande cha nailoni angavu chenye sentimita 45 kila upande. Kilaze juu ya sakafu safi, uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi, pasibakie pa kupitisha hewa. Kiache kwa saa 16 au zaidi, kisha ukifunue. Ukiona matone chini ya nailoni, au saruji imegeuka rangi na kuwa nyeusi kuliko jirani yake, maji bado yanapanda. Fanya hivyo mahali kadhaa: katikati, pembeni, na karibu na ukuta unaopakana na bafu au tangi la maji. Sakafu iliyoonekana kavu wakati wa kiangazi ipimwe tena baada ya mvua. Na zege jipya lisipakwe kabla ya kutimiza siku 28 tangu limwagwe.

Unyevu ukithibitika, tafuteni asili yake kwanza. Huenda ni bomba linalovuja, au maji ya paa yanayomwagika kando ya msingi, na tiba yake ni mfereji tu. Ikiwa maji yanatoka ardhini, zipo rangi za msingi zilizotengenezwa kuzuia unyevu, lakini hizo zataka mjuzi wa kuzichagua. Na ikiwa uwezo hautoshi, kuiacha epoksi nao ni uamuzi wa busara. Sakafu ya saruji iliyolainishwa vyema kwa niru, au iliyotiwa vigae, humtosha mtu.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa uliotulia huchimbwa, ukasafishwa na kujazwa. Ufa unaoendelea kutembea utaipasua epoksi pia. Wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake pamoja na tarehe, mkautazame baada ya msimu mmoja wa mvua. Ukivuka alama, tatizo li katika msingi, wala halitatibiwa kwa rangi.

Kuchagua na kufanya hesabu

Madukani zipo epoksi za namna tatu. Ya kwanza huchanganywa na maji. Harufu yake ni ndogo na hupakika kwa urahisi, lakini huacha ngozi nyembamba. Ya pili ina thina ndani yake. Harufu yake ni kali na mvuke wake hushika moto. Ya tatu haina maji wala thina. Ni nzito na imara, lakini hugumu upesi, kwa hiyo yataka mkono uliozoea. Kopo moja pekee lililoandikwa jina la epoksi, lisilo na kigumishi chake, aghalabu ni rangi ya kawaida iliyoongezwa nguvu kidogo. Si haramu kuinunua, lakini isilipiwe bei ya ile nyingine.

Hesabu ya lita ni silaha ya mwenye nyumba. Lita moja ya epoksi isiyo na maji wala thina hufunika mita moja ya mraba kwa unene wa milimita 1. Kwa unene wa milimita 0.2, lita hiyo hufunika mita 5. Gereji ya mita 3 kwa 6 ina mita za mraba 18. Basi kila mkono mmoja wa rangi wataka lita 3.6, na mikono miwili lita 7.2. Ikiwa nusu ya kilichomo koponi ni maji yatakayovukia, lita zinazotakiwa ni maradufu. Kwa hiyo fundi akija na lita 4 za rangi iliyo nusu maji, akasema zitatosha mikono miwili, mjue kuwa zitaacha ngozi ya takriban milimita 0.1 tu. Magurudumu yataimaliza mapema.

Epoksi pia haipendi jua. Mahali panapopigwa na mwanga kila siku, kama mbele ya geti, hugeuka manjano na kutoa unga. Hapo hutiwa mkono wa juu wa poliyurethani inayostahimili jua. Tena sakafu laini ikilowa huteleza. Ombeni inyunyiziwe mchanga safi mwembamba kabla haijashika, hasa njiani pa kupita wazee na watoto.

Kazi yenyewe

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla kopo halijafunguliwa. Kwanza oili huondolewa kwa sabuni ya kukata mafuta, mara mbili au tatu. Kisha sakafu husagwa kwa mashine mpaka ile ngozi laini ya juu iondoke, kwa maana epoksi haishiki juu ya kitu kilichoteleza. Alama ya kufaulu ni nyepesi: nyunyiza matone ya maji. Yakinywewa upesi, sakafu i tayari. Yakisimama kama lulu, bado.

Wapo wanaotumia asidi badala ya mashine. Asidi huunguza ngozi, macho na mapafu. Anayeitumia humimina asidi ndani ya maji, wala hamimini maji ndani ya asidi, na kamwe haichanganyi na Jik, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Baada yake sakafu huoshwa mno, kisha huachwa ikauke kabisa. Kwa nyumba yenye watoto, mashine ni salama zaidi.

Hali ya hewa nayo ina hukumu yake. Mwihoko iko nyanda za juu, na asubuhi za Juni hadi Agosti huwa za baridi. Epoksi nyingi hazitaki kupakwa chini ya nyuzi 10, na sakafu inapaswa kuwa na joto lililozidi kwa nyuzi 3 lile ambalo umande huanza kutua. Kwa hiyo fundi mwelewa hangoji alfajiri wala jioni. Huanza jua likishapasha, akamaliza mapema. Januari na Februari ni miezi mizuri.

Kuchanganya ni kwa kipimo kilichoandikwa koponi, bila kuzidisha kigumishi kwa nia ya kuharakisha. Ukikizidisha, sakafu hubaki na mnato. Mchanganyiko usiachwe ndooni, kwani hupata moto mkali na kugumu humo humo. Hupakwa rangi ya msingi, kisha mkono wa kwanza na wa pili kwa nafasi iliyoagizwa na mtengenezaji. Kwa kawaida miguu huruhusiwa baada ya saa 24 na gari baada ya siku 7. Wakati wa baridi subira huongezwa.

Pumzi za watu wa nyumbani

Hapa ndipo tunapowasihi zaidi kina mama. Epoksi ambayo haijagumu huweza kumletea mtu mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaingia humfuata umri wake wote. Vumbi la kusaga zege lina silika, ambayo huharibu mapafu. Poliyurethani nyingi za makopo mawili zina kemikali zinazoweza kusababisha pumu. Kwa hiyo fundi na wasaidizi wake wavae barakoa zinazofaa, miwani, na glavu za nitraili, si zile nyepesi za jikoni. Rangi ikigusa ngozi, ioshwe kwa maji na sabuni, wala isifutwe kwa thina.

Mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu wahamie kwa jamaa siku hizo mpaka harufu iishe. Mlango wa gereji unaoelekea ndani uzibwe, na ule wa nje uachwe wazi. Magunia ya mchele na unga yatolewe kabla. Moto wowote, uwe wa gesi au wa makaa, usiwashwe karibu. Mabaki yasimwagwe mferejini. Yachanganywe yagumu, ndipo yatupwe.

Baada ya kugumu, sakafu hii ina fadhila kwa mwenye kuchunga tahara, kwani hainywi uchafu. Najisi huondolewa kwa maji kwa wepesi. Lakini haistahimili moto. Epoksi nyingi huanza kulegea joto likifika nyuzi 60 hivi, na sufuria ya pilau iliyotoka motoni imezidi hapo. Jiko la makaa liwekwe nje, na sufuria zilazwe juu ya matofali. Tena makaa yasiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa kwa hali yoyote, iwe na epoksi au isiwe nayo. Gesi yake haina harufu, nayo huua.

Ahadi iandikwe

Mabishano mengi baina ya fundi na mwenye nyumba huzaliwa na maneno yaliyoachwa hewani. Andikeni: sakafu itasagwa au itatiwa asidi, epoksi ni ya namna gani, lita ngapi, mikono mingapi, nani atanunua vifaa, na ikibanduka ndani ya muda fulani nani atairudia. Makopo yafunguliwe mbele yenu. Malipo yagawanywe kwa hatua, na sehemu ya kwanza ya kazi iwe jaribio la nailoni. Fundi akiyatimiza, alipwe haki yake siku hiyo hiyo bila ya kuzungushwa, kama dini yetu ilivyotufunza.

Dada anayebaki nyumbani siku ya kazi asione haya kuuliza. Maswali matatu yanamtosha: Unyevu umepimwa? Lita ni ngapi kwa mita ngapi? Watoto warudi lini? Fundi mwaminifu atayajibu kwa furaha. Akikasirika kwa kuulizwa, ni heri gereji ibaki na saruji yake mpaka apatikane mwingine.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na wakaao ndani yake. Amin.