Mkandarasi, Mkataba na Kalenda ya Mvua

Mkataba wa ujenzi hujibu maswali matatu: kijengwe nini, kwa bei gani, na kwa muda gani. Katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania unaotoka Shinyanga na Kahama hadi Geita, maghala, hoteli na maduka ya ghorofa yameongezeka tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilipoanza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Huko, swali la muda ndilo linalozaa ugomvi mwingi. Lawama huangukia mafundi, lakini mara nyingi chanzo ni ratiba iliyopangwa bila kuangalia udongo, mvua, umbali na tarehe za malipo.

Mwenye mradi, ambaye nyaraka humwita mshitiri, huanza kwa msanifu majengo, mhandisi na mkadiriaji majenzi. Mkadiriaji ndiye anayepima michoro na kuandaa mchanganuo wa kazi zote: zege kwa mita za ujazo, nondo kwa kilo, plasta kwa mita za mraba. Wengi humruka ili kuokoa ada yake. Baadaye mkandarasi anapodai fedha, hakuna kipimo cha kukubaliana kazi iliyofanyika ni kiasi gani.

Mkandarasi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi. Kumpa wa daraja la chini jengo lililomzidi ni kuvunja sheria, na pia ni kumtwika mzigo ambao mtaji na mitambo yake havitaubeba. Kwa majengo kuna fomu ya mkataba ya Baraza la Taifa la Ujenzi. Miradi mikubwa hutumia zaidi masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913.

Jambo la kwanza ambalo mkataba wa Shinyanga unapaswa kulitaja ni udongo. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi ukiwekwa juu yake bila kuuchimbua, kujaza moramu na kushindilia, nyufa hupanda hadi kwenye lenta. Kwa hiyo udongo uchunguzwe kabla ya zabuni kutangazwa. Mbuga ikigundulika baada ya saini, mita moja ya ziada ya kuchimba hugeuka kesi: nani alipe, na siku ngapi ziongezwe? Mkataba usiojibu hilo humwacha kila upande na madai yake.

Kisha mvua. Huanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili au Mei. Mkandarasi akikabidhiwa eneo Mei, msingi, jamvi na kuta za jengo la kawaida hupata kiangazi kizima, na mvua zinaweza kukuta mabati yameshaezekwa. Akikabidhiwa Novemba, huanza kwa kunyonya maji kwenye mitaro. Msimu huohuo vibarua hurudi mashambani kulima, na habari za rashi mpya ya dhahabu zinaweza kuwaondoa wengine saiti kwa siku moja.

Umbali nao una siku zake. Saruji nyingi hutoka Wazo jijini Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, safari ya takriban kilometa 1,000 au zaidi. Kwa miaka mingi mizigo iliyopitia Mwanza kwenda Geita ilisubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Daraja la hapo, lenye urefu wa kilometa 3, lilianza kujengwa mwaka 2020 kwa mkataba ulioelekeza likamilike Februari 2024. Lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Hata mradi wenye wahandisi wa kila aina huhitaji nyongeza ya muda, ndiyo maana utaratibu wa kuiomba huandikwa mapema. Toleo la FIDIC la mwaka 1999 humpa mkandarasi siku 28 za kutoa taarifa ya tukio lililomchelewesha. Akizipitisha kimya, hupoteza haki hiyo.

Ratiba yenyewe hutafuta kazi ambazo moja ikichelewa siku moja, jengo zima huchelewa. Hesabu hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1957 katika kampuni ya DuPont. Katika hoteli ya ghorofa nne mjini Geita, lifti inayoagizwa nje inaweza kuwa na uzito zaidi kuliko matofali: isipoagizwa wakati zege la msingi linamwagwa, rangi itakauka ikiisubiri.

Juu ya yote hayo kuna malipo. Chini ya masharti hayo ya FIDIC ya mwaka 1999, mshitiri hulipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee maombi ya malipo. Katika siku hizo mkandarasi hulipa vibarua, mafuta na duka la vifaa kwa fedha zake au za benki, na wakandarasi wadogo wa umeme na mabomba humsubiri yeye. Mshitiri asiye na akiba ya kulipa angalau vyeti viwili vya malipo mfululizo asianze kujenga.

Kazi ikikabidhiwa, sehemu ya fedha hubakizwa hadi kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza, kiishe. Mikataba mingine hutoa miezi sita. Kwa Shinyanga na Geita muda huo hautoshi: kipindi kiwe miezi 12, ili paa na msingi vipitiwe na msimu mzima wa mvua kabla mkandarasi hajalipwa salio lake.