Kipimo cha damu kimeonyesha aleji? Usikimbilie kumnyima mtoto chakula

Mtoto ana miezi minane na pumu ya ngozi haimwachi. Mashavu yamepasuka, usiku halali kwa kujikuna. Mama anaambiwa ampime damu, na majibu yanarudi na orodha ndefu: maziwa, mayai, samaki, karanga. Jioni hiyohiyo vyote vinaondolewa. Mtoto anabaki na uji mtupu.

Hofu ya mama inaeleweka. Lakini karatasi ile haijasema kwamba mtoto wake hawezi kula vyakula hivyo.

Kinachopimwa ni kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa na watafiti wa Marekani na Uswidi katika miaka ya 1960. Mtu mwenye aleji mwili wake hutengeneza IgE dhidi ya kitu kisicho na madhara, kama yai. Akila yai tena, IgE huamsha seli zinazomwaga histamini. Hapo ndipo midomo huvimba, vipele hutoka, na mtoto hutapika au kubanwa pumzi.

Hata hivyo, kuwa na IgE si lazima mtoto awe anaumwa. Wapo watoto wengi wenye IgE ya yai au karanga katika damu ambao hula vyakula hivyo bila shida yoyote. Kiwango kikiwa juu, uwezekano wa aleji huongezeka, lakini hakisemi itakuwa kali kiasi gani. Tena, IgE ya jumla hupanda hata mtoto akiwa na minyoo.

Watafiti waliwahi kutumaini kwamba damu ya kitovu ingeonyesha tangu siku ya kuzaliwa nani atapata aleji. Haikuwa hivyo. Watoto wengi waliokuja kuugua walizaliwa na IgE ya chini.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia kukataza chakula. Mwaka 2015 watafiti wa London, wakiongozwa na Profesa Gideon Lack, walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi, aleji ya yai, au vyote viwili. Walianza kufuatiliwa wakiwa na miezi 4 hadi 11. Kundi moja lilipewa karanga mara kwa mara, jingine lilizikwepa. Waliokuwa na dalili kubwa kwenye kipimo cha ngozi hawakuingizwa.

Walipofika miaka 5, kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu mwanzoni, asilimia 13.7 ya waliokwepa karanga walikuwa na aleji nazo. Kwa waliokula ilikuwa asilimia 1.9. Hata wale waliokuwa na dalili ndogo walinufaika: asilimia 35.3 kwa waliokwepa, asilimia 10.6 kwa waliokula.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kupima jiulize: mtoto alikula nini, na baada ya muda gani alibadilika? Aleji ya IgE mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Maelezo hayo ndiyo yanayompa daktari maana ya kipimo.

Mtoto asiye na tatizo akianza kula akiwa na miezi sita, mayai na karanga havina haja ya kucheleweshwa. Karanga zisagwe laini na kuchanganywa kwenye uji. Nzima zinaweza kumpalia. Zenye ukungu tupa. Mwenye pumu kali ya ngozi au aliyewahi kuvimba baada ya kula, aonwe na daktari kwanza.

Akivimba uso, akihema kwa shida au akilegea baada ya kula, usisubiri asubuhi. Mkimbize hospitali.

Na kama tayari umemwondolea vyakula vinne kwa sababu ya karatasi, irudishe karatasi hiyo kwa daktari wa watoto. Huenda kuna chakula ambacho mtoto hakupaswa kunyimwa.