Ukoma na Neva: Kinga ya Mwili Inapomjeruhi Mwenyewe

Mkulima wa Rungwe huchuma chai, hupalilia migomba na kuinjika sufuria jikoni kwa mikono ileile. Vidole vikifa ganzi, huungua au hukatika bila kuhisi, na kilema huanzia hapo. Ukoma ni mojawapo ya maradhi yaletayo ganzi hiyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya madhara yake katika neva haitokani na bakteria peke yake, bali na mwitikio wa kinga ya mwili.

Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo. Hivyo huingia katika ngozi na katika neva zilizo karibu nayo, kama ile ipitayo nyuma ya kiwiko. Humo hujificha ndani ya seli za Schwann, zinazozifunika na kuzilisha nyuzi za neva.

Chembe za kinga zikimtambua, hupashana habari kwa molekuli ziitwazo saitokini. Interferoni-gama huzichochea chembe zinazomeza vijidudu. TNF-alfa huita chembe nyingine na kulegeza kuta za mishipa midogo ya damu, hata majimaji yakavuja. Neva imo ndani ya ala isiyotanuka kwa urahisi. Ikivimba hubanwa, damu huipungukia, na nyuzi zake huanza kufa. Hali hii huitwa mcharuko wa ukoma.

Saitokini zenyewe si adui. Neva ikikatwa kwa panga, ndizo zinazoita chembe za kusafisha mabaki ili uzi mpya uote, kwa kasi ya takribani milimita moja kwa siku. Madhara huja zinapozidi na kudumu.

Mcharuko huweza kutokea kabla ya tiba, wakati wa tiba au hata baada yake, kwa kuwa mabaki ya bakteria waliokufa huendelea kuiamsha kinga. Mgonjwa asiyeelezwa hayo hudhani kuwa dawa imemdhuru au kwamba amerogwa, akaacha matibabu. Kufanya hivyo ni kosa. Dawa mseto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 na kutolewa bila malipo, huua bakteria na haina budi kuendelea kwa miezi 6 au 12. Mcharuko hutibiwa sambamba kwa prednisoloni, ambayo hupunguza utengenezaji wa saitokini. Dozi yake hushushwa taratibu chini ya uangalizi, kwani huweza kupandisha sukari na kuamsha kifua kikuu kilichojificha.

Muda ni jambo la msingi. Neva iliyopoteza nguvu kwa chini ya miezi 6 ina nafasi nzuri zaidi ya kupona; ikichelewa, nyuzi zilizokufa hugeuka kovu. Kwa hiyo, maumivu kwenye kiwiko, kidole kidogo kinachokunjika, mguu unaoburuta au jicho lisilofumba ni sababu ya kufika mara moja katika zahanati iliyo karibu, au kumwona mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, hata kama mgonjwa alikwisha kumaliza dawa zake.