Lori Kuukuu Kugeuzwa Gari la Matope

Katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, safari ya lori kutoka Turwa mjini Tarime hadi Mugumu wilayani Serengeti haikadiriwi kwa kilometa peke yake. Njia huteremka kutoka miinuko ya Tarime hadi bonde la Mto Mara, kisha hupanda tena kuelekea Mugumu. Penye changarawe lori hupita bila taabu. Lakini njia ya kijijini inapoingia katika udongo mweusi wa mbuga, lori lenye injini ya nguvu nyingi laweza kuzama hadi ekseli, huku jozi ya maksai wakipita kandoni mwake. Hapo mahindi hubaki shambani, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali hulala njiani.

Haishangazi basi kwamba mafundi vijana hujiuliza kama lori kuukuu la kazi laweza kuinuliwa, kuvishwa matairi makubwa mno na kugeuzwa gari la matope. Jibu ni kwamba laweza. Hata hivyo, ni vema kujua kwanza ni nini hasa kinachoshinda matope, kwa maana fundi asiyejua hilo hulipa gharama kubwa akapata gari refu linalokwama pale pale, au linalopinduka.

Udongo wenyewe

Udongo mweusi wa mbuga una ufinyanzi mwingi wa jamii ya smektaiti. Chembe zake ni vibamba vyembamba sana, na maji huingia kati ya kibamba na kibamba. Ndiyo sababu udongo huu huvimba na kuteleza wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi husinyaa ukapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kubeba uzito, tena hunata. Hujaa katika mianya ya kashata za tairi, na tairi jipya likawa sawa na tairi la kipara.

Uzito na eneo

Udongo haujali uzito wa gari peke yake, bali hujali uzito huo umetandazwa juu ya eneo gani. Kani ikigawanywa kwa eneo twapata kanieneo. Tuchukue lori la kilogramu 4,800 linalokalia matairi manne sawasawa. Kila tairi hubeba kilogramu 1,200, yaani kani ya nyutoni 12,000 hivi. Kwa makadirio, kanieneo ya tairi juu ya ardhi hukaribiana na ile ya upepo uliomo ndani yake. Upepo ukiwa kilopaskali 400, eneo linalogusa ardhi ni sentimeta za mraba 300 tu. Upepo ukipunguzwa hadi kilopaskali 200, tairi hutandaa na eneo huwa sentimeta za mraba 600. Tairi pana sana lililotengenezwa kufanya kazi kwa kilopaskali 100 litagusa sentimeta za mraba 1,200.

Sasa linganisha na mwanafunzi wa kilogramu 60 aliyesimama kwa mguu mmoja, mwenye unyayo wa sentimeta za mraba 150. Kanieneo yake ni kilopaskali 40, yaani sehemu moja ya kumi ya lori lile la kwanza. Maksai je? Ukwato wake ni mdogo na huzama, lakini una pande mbili zinazotanuka unapokanyaga na kubanana unapoinuliwa, hivyo huchomoka kwa urahisi. Gurudumu halina hila hiyo. Likiteleza huzunguka papo hapo na kujichimbia shimo. Dereva anayeongeza moto wakati gurudumu linateleza huwa anachimba, wala hasafiri.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya tairi kubwa si urefu wake, bali ni kule kutandaza uzito. Kupunguza upepo huleta sehemu ya faida hiyo bila gharama ya kununua kitu. Lakini tahadhari ni muhimu: tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa barabarani hukunjika kila mzunguko, hupata joto na laweza kupasuka. Likirudi penye ardhi ngumu sharti lijazwe tena.

Kazi ya difu

Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili ya ekseli moja nguvu sawa ya kuzungusha, na huyaruhusu kwenda kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Barabarani jambo hilo ni jema. Katika matope hugeuka kuwa hasara. Gurudumu moja likiwa juu ya utelezi huhitaji nguvu kidogo tu ili lizunguke, na lenzake lililo mahali pakavu hupewa nguvu ile ile kidogo. Matokeo yake moja linazunguka bure na jingine limetulia. Dawa yake ni difu inayoweza kufungwa, ili magurudumu yote mawili yalazimike kuzunguka pamoja, na ekseli ya mbele nayo ivute. Lori la ukubwa wa kawaida linalovuta kwa magurudumu manne na kufunga difu hupita mahali ambapo lori refu linalovuta nyuma tu litalala.

Bei ya tairi kubwa

Tuseme injini hutoa nyutoni-meta 300, gia ya kwanza huzidisha mara 6, na difu huzidisha mara 6 tena. Ekseli hupata nyutoni-meta 10,800. Tairi la kipenyo cha sentimeta 90 lina nusu kipenyo cha meta 0.45, basi kani ya kuvuta ni nyutoni 24,000. Fundi akiweka tairi la sentimeta 135, nusu kipenyo huwa meta 0.675 na kani hushuka hadi nyutoni 16,000. Theluthi moja ya mvuto imepotea! Ili kuirudisha, difu haina budi kuzidisha mara 9, na hapo ekseli hubeba mzigo wa kuzungusha ulioongezeka kwa nusu. Breki pia hupungukiwa kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa nguvu yake ya kusimamisha inapitia nyenzo ndefu zaidi. Tena, asipobadili difu, spidomita itaonyesha 40 wakati gari linakwenda kilometa 60 kwa saa.

Historia yathibitisha hesabu hizi. Huko St. Louis, Marekani, Bob Chandler aligeuza gari lake la mizigo aina ya Ford F-250 la mwaka 1974 kuwa lile lililojulikana kama Bigfoot. Jina hilo, lenye maana ya mguu mkubwa, lilitokana na mguu wake mzito juu ya pedeli ya mafuta, uliokuwa ukivunja vipuri mara kwa mara. Kila alipoongeza tairi alihitaji ekseli imara zaidi, hata akatumia ekseli za magari mazito ya kijeshi. Mwaka 1982 alifikia tairi la sentimeta 168, ambalo hapo awali lilikusudiwa mitambo ya kumwagia mbolea mashambani. Gari lake likawa la maonyesho ya kukanyaga magari mengine. Si la kupeleka mahindi ghalani.

Kimo na kupinduka

Gari lililosimama kiubavu juu ya mteremko hupinduka pale mstari wa wima kutoka kitovu chake cha uzito unapotoka nje ya gurudumu la chini. Ikiwa magurudumu yameachana meta 1.8 na kitovu kiko meta 1.0 juu ya ardhi, gari huvumilia mteremko wa nyuzi 42 hivi. Kitovu kikipanda hadi meta 1.5, uvumilivu hushuka hadi nyuzi 31. Magurudumu yakitanuliwa hadi meta 2.4, hurudi kwenye nyuzi 39. Hesabu hizi ni za gari lililosimama. Penye kona, penye shimo, au penye abiria waliokaa juu ya magunia, mpaka huo huwa karibu zaidi. Kila sentimeta ya kimo inunuliwe kwa hoja.

Wajerumani waliobuni Unimog, iliyoanza kuundwa kwa wingi mwaka 1948, walipita njia nyingine. Waliweka gia katika ncha za ekseli, ili ekseli ikae juu zaidi ya kitovu cha gurudumu. Hivyo walipata nafasi chini ya gari na nguvu ya kuvuta, bila kuinua mwili mzima kupita kiasi.

Utaratibu wa kazi

Fundi mwenye busara huanza na chasi. Huisafisha, huitafuta kutu na nyufa, hasa penye mashikio ya springi. Kisha hutengeneza breki na usukani kabla ya kugusa tairi. Huchagua tairi kwa uwezo wa ekseli aliyonayo, hurekebisha gia, na kuinua springi kwa kiasi tu, kwa sababu kuinua sana hupinda viungo vya propela na kuvuta mipira ya breki. Kichujio cha hewa hupandishwa juu. Hali kadhalika vitundu vya kupumulia vya difu na giaboksi hutiwa mipira mirefu: difu yenye joto ikizama katika maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kunyonya maji ndani ya oili. Mwisho hutiwa ndoano imara za kuvutia, mbele na nyuma. Gari likikusudiwa kuingia barabara kuu, kwanza likaguliwe na mamlaka zinazohusika. Wala lisitolewe nje ya njia ndani ya Hifadhi ya Serengeti bila kibali, maana mifereji ya magurudumu hugeuka makorongo.

Kazi kama hii si ngeni nchini. Huko Kibaha, Shirika la Nyumbu lililo chini ya Wizara ya Ulinzi liliwahi kubuni na kuunda lori lenye jina hilo hilo.

Gari au barabara?

Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalibidi kupitia Dar es Salaam kwa malori, juu ya barabara ya vumbi iliyogeuka tope wakati wa mvua. Malori mengi yalikwama na kupinduka. Suluhisho la kudumu halikuwa malori marefu zaidi. Lilikuwa bomba la TAZAMA mwaka 1968, kisha barabara ya lami, na reli ya TAZARA mwaka 1976. Vivyo hivyo, mtaro mmoja uliochimbwa vizuri na kalvati moja huweza kukausha mbuga ambayo matairi ya bei ghali hayakuiweza. Lori la matope lina kazi yake mpaka mtaro huo utakapochimbwa.

Jaribio

Jaza karai udongo mweusi uliolowa. Weka tofali moja juu yake kwa ubavu wake mpana, na baada ya dakika tano pima limezama milimeta ngapi. Rudia mahali pengine pa karai hilo kwa kulisimamisha tofali hilo hilo juu ya upande wake mdogo. Pima maeneo yote mawili na ukokotoe kanieneo. Je, kina cha kuzama kimeongezeka kwa uwiano ule ule wa kanieneo, au zaidi?